Kompyuta Isiyojua Marahaba

"Hakunijibu hata salamu, afande," Hana alisema. "Ndiyo maana nikaamini haikumfikia."

Inspekta Mwanne Hasani aliacha kuandika. Walikuwa wamekaa kwenye chumba cha mahojiano cha mahabusu ya wanawake, meza ya mbao katikati yao, na mtoto wa Hana amelala mgongoni mwa mama yake bila kujua kesi ni kitu gani. Hana alikuwa mpimaji wa nafaka katika kiwanda cha unga cha Tambarare, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Baada ya Pasaka unga wa kiwanda hicho ulisongwa ugali kwenye bweni la shule moja huko Bahi. Watoto wakaanza kutapika, macho yakawageuka manjano, na baadhi yao wakafa. Mahindi yalikuwa na sumukuvu, sumu ya ukungu ambayo jicho haliioni na moto wa jikoni hauiondoi.

Kiwanda kilisema mpimaji hakutoa taarifa. Mpimaji akasema alitoa, kwa barua pepe, kwenda kwa meneja mwenyewe, Mzee Batholomeo. Polisi wakaenda kuitafuta barua hiyo kwenye kompyuta ya meneja, na kompyuta ikajibu kwamba hakuna kitu. Kwa neno hilo la mashine Hana alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na Jumatatu jalada lilikuwa linapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Leo ilikuwa Jumamosi.

Jalada lenyewe Mwanne alilirithi kwa mwenzake aliyehamishiwa mkoa mwingine. Ushahidi wa kompyuta ulikuwa picha moja tu ya kioo: kisanduku cha kutafutia kimeandikwa "Hana", na chini yake maneno "Hakuna kilichopatikana". Picha hiyo ndiyo iliyobeba kesi nzima, na Mwanne hakuipenda tangu siku ya kwanza. Mtu akikwambia chumbani hamna mtu, unamwuliza kwanza kama aliwasha taa.

Alimrudisha Hana kwenye siku ile. Ilikuwa Jumamosi ya Pasaka, mtandao wa maabara umekatika. Hana alichukua majibu ya vipimo vya mahindi ya Mlali akaenda nayo steshenari ya Mwanasha, mtaa wa Kikuyu, yakapigwa skani na kutumwa kwa anwani ya duka, kama wanavyofanya watu wote wasio na mtandao. Alimpigia meneja simu, ikawa imezimwa. Mzee Batholomeo huzima simu sikukuu nzima, wafanyakazi wote wanajua. Kisha Hana akapanda basi kwenda Mlali kwa mama yake, kijijini ambako simu mpaka upande kilimani. Aliporudi kazini baada ya sikukuu, lori lilikuwa limeshakwenda Bahi.

Dukani Mwanne alikuwa ameshafika jana yake. Mwanasha alimwambia kwamba kila jioni hufuta kila kitu cha wateja, barua zilizotumwa na zilizoingia, bila kusoma. Hataki talaka za watu na barua zao za kuomba kazi zilale kwenye kompyuta yake. Alikuwa mwanamke mwadilifu, na uadilifu wake ulikuwa umemmaliza Hana.

"Hebu niambie," Mwanne alisema. "Hiyo barua uliianzaje?"

"Kwa shikamoo, afande. Yule ni mzee wangu kabisa, anajuana na baba. Siwezi kumwandikia kama naandikia duka. Nikampa shikamoo, nikampa pole ya mfungo, ndipo nikamwambia mahindi ya Mlali yasitoke ghalani."

Mwanne alifunga daftari lake. Kwao Kondoa, mtu mzima aliyepewa shikamoo akanyamaza, ama ni kiziwi ama ana ugomvi na wewe. Polisi walikuwa wamehangaika kutafuta barua. Hakuna aliyewahi kutafuta jibu.

Kwenye geti la kiwanda alimkuta mlinzi, Methusela, mzee mwembamba aliyevaa koti zito la jeshi kwenye jua la Dodoma. Mwanne alimwamkia, akaitikiwa vizuri, kisha akaomba kuingia ofisini. Methusela alisema ngoja kwanza akawashe meni. Alikwenda kwenye boksi la umeme ukutani akapandisha swichi kuu, na kiwanda kizima kikaguna.

Mwanne alimwuliza kama meni huzimwa kila siku. Mlinzi akajibu kwamba huzimwa kila kazi inapoisha, sikukuu na wikiendi pia, kwa amri ya meneja, maana uniti za umeme wa LUKU zinakwisha bure taa zikilala zinawaka. Huiwasha asubuhi katibu akifika. "Au mzee mwenyewe akija," aliongeza. "Kama Jumatatu ile ya Pasaka, alikuja peke yake, nikamwashia."

Mwanne alilisikia hilo na kuliweka.

Ofisini walikuwapo wawili, ndio kwanza wameingia. Gladness, katibu muhtasi, alikuwa amekalia ncha ya kiti chake kama mgeni. Elisha, fundi wa kompyuta wa kiwanda, kijana mwenye miwani na shati lililonyooka, ndiye aliyewafanyia polisi utafutaji wa kwanza. Meneja alikuwa msibani Kongwa, angerudi mchana. Mwanne aliwaonyesha hati ya upekuzi, akawasainisha wote wawili kama mashahidi, kisha akachomoa diski ya kompyuta ya meneja, akainakili yote, na diski ya asili akaifunga kwenye mfuko wa vielelezo wenye lakiri. Ndani ya kompyuta alirudisha nakala. Elisha alitazama kazi hiyo kwa heshima zaidi kidogo kuliko alivyomsalimia.

Kompyuta ilipowaka, Gladness alisogeza mkono kwenye kipanya kabla ya kuombwa. Akabonyeza saa ya kwenye kona, akairekebisha, akarudisha mkono mapajani.

"Umefanya nini?" Mwanne aliuliza.

"Samahani, afande, mazoea. Hii kompyuta kila asubuhi inaamka na mwaka 2012. Kitu cha kwanza nikifika ni kuweka tarehe. Nisipoweka, barua zote zinaharibika tarehe."

Elisha alieleza kwamba kabetri kadogo ka ndani kanakotunza saa kamekufa siku nyingi. Umeme ukikatwa ukutani, saa inarudi pale ilipozaliwa. Aliomba kanunuliwe kengine, akaambiwa asubiri bajeti.

Walianza upya, hatua kwa hatua, na simu ya Mwanne ikirekodi kioo. Elisha alifungua programu ya barua pepe. Barua za kiwanda hiki zikishashuka kwenye kompyuta hii, kule kwenye mtambo wa kampuni ya mtandao hazibaki. Kwa hiyo kama barua ipo duniani, ipo humu. Akaandika "Hana". Hakuna kilichopatikana. Akaandika "sumukuvu". Hakuna. Akaandika anwani ya duka la Mwanasha. Hakuna. Mwanne akamwomba aache kutafuta, afungue tu kasha la zilizoingia na kushuka kwa macho mpaka wiki ya Pasaka. Walishuka taratibu. Barua ya bima, barua ya mzabuni wa magunia, matangazo. Ya Hana haikuwapo.

Gladness alipokwenda kuchemsha chai, Elisha aliinama karibu. "Afande, mimi simsemi mtu. Lakini nywila ya mzee anayo huyu dada. Na yeye na Hana waligombana mwaka jana, jambo la zamu za likizo. Kama kuna aliyefuta, simtaji."

Alikuwa ameshamtaja. Mwanne aliandika jina la Gladness daftarini na kulipigia mstari. Kufuta barua iliyoingia ni kazi ya kubonyeza mara moja, na mwenye nywila anaweza.

Chai ilikuja. Mwanne alikunywa nusu, akavuta kibodi kwake, na kwenye kisanduku cha kutafutia akaandika neno moja: marahaba.

Hakuna kilichopatikana.

Elisha alitabasamu. Gladness hakutabasamu. Alikitazama kioo kama mtu aliyeona jina la mumewe kwenye orodha ya marehemu naye amemwacha nyumbani anakula.

"Haiwezekani," alisema.

"Kwa nini?"

"Mzee huyu? Afande, mzee huyu hata mwanachuo asiyemjua akimwandikia kuomba nafasi ya mafunzo, akianza na shikamoo lazima aitikie. Hizo zinazoamkia huwa namwachia ajibu mwenyewe, kwa kidole kimoja. Anasema kuacha shikamoo ya mtoto hewani ni laana."

Mwanne alimwomba Elisha afungue zilizotumwa, ashuke kwa macho tu. Hakushuka mbali. Wiki iliyopita tu meneja alikuwa amemjibu kijana wa chuo: Marahaba. Njoo Alhamisi na barua ya chuo chako. Neno lilikuwa pale, mbele ya macho ya watu watatu, na kisanduku cha kutafutia juu yake bado kinasema halipo.

Elisha alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati.

"Utafutaji umekufa," alisema.

"Tangu lini?"

"Sijui, afande."

"Na ile siku ya polisi ulikuwa umekufa?"

Elisha alirudisha miwani usoni, na Mwanne hakumlazimisha. Hasira alikuwa nayo, lakini hasira haikuwa zana aliyoihitaji asubuhi ile. Kuna mama aliyelala sakafuni na kichanga kwa sababu hakuna mtu aliyejaribu kutafuta kitu ambacho anajua kipo.

Alimtaka Elisha aeleze kwa maneno ya kawaida, simu inarekodi. Elisha alisema programu hii haisomi barua moja moja kila ukitafuta. Inategemea faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu: imeshaandikwa kabla kwamba neno fulani liko ukurasa fulani. Kama faharasa haijakamilika, neno linaweza kuwa kitabuni na faharasa isijue. Na faharasa hujengwa pale tu kompyuta inapokuwa imewashwa na haina mtu.

"Hapa inakuwa imewashwa bila mtu saa ngapi?" Mwanne aliuliza.

Elisha alifungua mdomo, akageuka kutazama dirishani, kwenye boksi la meni.

Haikuwahi kuwa hivyo hata siku moja. Watu wakiwapo, faharasa inangoja. Watu wakiondoka, Methusela anashusha swichi. Na kwa kuwa umeme ulikatwa ghafla badala ya kompyuta kuzimwa, kile kidogo kilichojengwa kiliharibika, kesho yake kikaanza tena mwanzo. Kiwanda kilibana uniti za LUKU, na kompyuta ikabaki na kichwa cha mlevi.

Mwanne alifungua mipangilio ya utafutaji mwenyewe. Kulikuwa na orodha ya makasha, kila moja na alama ya tiki. La mwisho halikuwa na tiki. Liliitwa Kumbukumbu. Elisha akakumbuka: mwaka juzi programu ilikuwa nzito, akaipangia iwe inazoa yenyewe barua zote zilizozeeka kupita miaka miwili na kuzihamishia huko, faili la pembeni. Hakuna aliyelifungua tena.

"Hamna maana kulitafuta, afande. Humo ni za zamani tu. Barua yako ni ya mwaka huu."

"Weka tiki," Mwanne alisema.

Aliiweka. Kisha akafuta faharasa yote mbovu na kuamuru programu ijenge upya. Kwenye kona kukatokea idadi ya barua zilizobaki kusomwa, kubwa ya kukatisha tamaa, ikaanza kupungua pole pole. Mwanne aliwatoa wote mezani. Kazi iliyobaki ilikuwa moja, kutogusa kitu.

Alitumia muda huo kumhoji Gladness barazani. Wakati wa Pasaka alikuwa wapi? Ukweni Singida, kwenye kipaimara cha mdogo wa mumewe, kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumanne asubuhi. Tiketi za basi alizitupa, lakini picha alikuwa nazo kwenye simu, yeye na sufuria la pilau, na tarehe chini. Ugomvi wake na Hana aliukiri bila kuulizwa mara ya pili. Waligombania likizo, Hana akaipata, akamletea karanga kutoka Mlali, yakaisha. Halafu akalia kidogo, akasema mtoto wa dada yake yuko bweni lile la Bahi. Amepona, ila anaamka usiku akiita wenzake.

Adhuhuri ilipofika, Methusela alitembea kuelekea kwenye boksi lake. Mwanne alikuwa ameshasimama mbele yake. Mlinzi alisema kwa upole kwamba Jumamosi mwisho ni mchana, mzee ataona uniti, naye ni mtu wa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Mwanne alimwonyesha hati ya mahakama, akamsomea, akamwahidi kuandika jina lake mwenyewe kwamba yeye ndiye aliyezuia. Methusela alifikiri, akavuta kiti chake cha plastiki akakiweka chini ya boksi, akaketi.

"Basi nitailinda," alisema. "Kazi yangu si kulinda?"

Hata hivyo mita yenyewe ilianza kulia. Uniti zilikuwa zimebaki za kuhesabu. Mwanne alinunua LUKU kwa simu yake, akaingiza tarakimu mwenyewe, akarudi ndani. Idadi kwenye kona ilikuwa inaelekea mwisho. Ilipofika sifuri Elisha aliketi, na safari hii alisubiri kuambiwa.

"Marahaba," Mwanne alisema.

Kioo kilijaa. Marahaba kwa wanachuo, kwa madereva, kwa binti wa mchungaji, kwa vijana wa Bahi wanaotafuta kazi ya kubeba magunia. Mwanne aliongeza anwani ya duka la Mwanasha kwenye kisanduku. Orodha ikafyekwa, ikabaki barua moja, ndani ya kasha la Kumbukumbu.

Elisha aliitazama tarehe yake, mabega yakamshuka. "Ni ya tarehe mosi Januari 2012, afande. Kiwanda hiki hakikuwapo. Pale palikuwa shamba la ufuta. Hii si yenyewe."

"Ifungue."

Barua ilikuwa fupi. Marahaba binti yangu. Nimeyapata majibu. Usimwambie mtu yeyote kwa sasa, mzigo wa Jumanne ni wa mkataba na shule haiwezi kusubiri. Nitajua la kufanya. Chini yake, kama programu inavyofanya mtu anapojibu, ilikuwa imejibandika barua ya Hana nzima, pamoja na tarehe yake sahihi: Jumamosi ya Pasaka, mwaka huu. Shikamoo yake, pole yake ya mfungo, na sentensi kwamba mahindi ya Mlali hayafai kuliwa hata na mifugo, mzee wangu naomba yasitoke.

Gladness alisoma akiwa amesimama nyuma yao. Alikwenda akakaa kwenye kiti cha wageni na kujifunika uso kwa kitenge.

Mwanne alipiga chapa, akawasainisha, akapiga chapa nyingine. Alikuwa anaandika hati ya vielelezo gari la Mzee Batholomeo lilipoingia.

Meneja alikuwa mtu mnene mwenye suti nyeusi ya msibani na mvi zilizochanwa. Hakuonekana mtu mbaya. Alimwuliza Methusela mbona meni inawaka, na sauti yake ilikuwa imekwishapanda kabla hajafika mlangoni.

"Shikamoo mzee," Mwanne alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Alijibu akiwa bado amekunja uso, kama mtu anavyopepesa jicho likipulizwa. Kisha akaiona karatasi mezani. Mwanne alimpa muda aisome. Alimweleza haki zake, kwamba halazimiki kusema na kwamba atakalosema litaandikwa. Mzee Batholomeo alisema hiyo si yake. Nywila anayo Gladness, na Gladness ndiye anayemjibia barua nyingi. Mwulizeni Gladness.

"Gladness akifika hapa, kitu cha kwanza anaweka tarehe," Mwanne alisema. "Leo nimemwona kwa macho yangu, hata bila kutumwa. Aliyeandika hii hakuweka. Aliwasha, akajibu, akaondoka. Kompyuta ikaamini ni mwaka 2012, na kesho yake tarehe ilipowekwa sawa, ikaiona barua imezeeka, ikaizoa ikaitupa pamoja na za zamani. Ndiyo maana watoto walipoanza kufa, ukaja kufuta, ukafuta ya Hana iliyoingia. Yako ukaitafuta kwenye zilizotumwa hukuiona."

Mzee aliisogeza karatasi pembeni.

"Jumatatu ya Pasaka Gladness alikuwa Singida. Na yupo aliyekuwashia meni."

Mzee aligeuka dirishani. Methusela alikuwa bado ameketi chini ya boksi, mikono magotini, anatazama geti. Meneja alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa kwenye ofisi yake mwenyewe.

"Lori lilikuwa limeshapangiwa," alisema hatimaye. "Nilidhani ukichanganya na mengine inapungua nguvu. Tumekula mahindi yenye ukungu tangu utoto, mwanangu. Mwaka wa njaa nani alipima?"

Mwanne aliandika maneno hayo kama yalivyotoka. Kisha akauliza swali ambalo halikuwa la lazima kwa kesi. Ulitaka jambo lifichike. Kwa nini ulijibu?

Mzee Batholomeo alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Si aliniamkia?" alisema.

Alipelekwa kituoni na askari wawili. Elisha alibaki kuandika maelezo mapya ya kufuta yale ya kwanza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutafuta wa kumsukumia. Mwanne alimwomba Methusela asizime meni mpaka mahakama iseme, akamwachia namba yake ya simu, kisha akaendesha gari mwenyewe kurudi mahabusu kabla muda wa kuona mahabusu haujaisha.

Angeweza kungoja Jumatatu. Mwendesha mashtaka angesoma, kesi dhidi ya Hana ingeondolewa, wakili angempa habari. Lakini Mwanne alikuwa ameibeba ile chapa ya pili, na kwa maoni yake barua iliyojibiwa inapaswa kumfikia aliyeiandika, hata kama imechelewa.

Hana aliletwa, mtoto sasa yu macho, anatafuna ncha ya khanga. Mwanne alimwambia kwanza kilicho kizuri: barua imepatikana, wiki ijayo atalala kwake. Hana alifunga macho akashukuru kwa Kigogo, maneno machache ya chini. Ndipo Mwanne akasukuma karatasi mezani.

Hana alisoma neno la kwanza, na uso wake ukafunguka.

"Kumbe aliitikia," alisema.

Kisha akaendelea kusoma. Mwanne alimwona anafika kwenye sentensi ya Jumanne, anarudi juu, anashuka tena. Mtoto aliishika karatasi kwenye kona. Hana akaichomoa taratibu kwenye vidole vyake.

"Hii aliandika lini, afande?"

"Jumatatu ya Pasaka. Iliingia dukani, ikafutwa pamoja na nyingine."

"Jumatatu." Hana alihesabu kwa midomo bila sauti. "Mimi nilikuwa kwa mama. Nilipanda mpaka kilimani kutafuta mtandao nimpigie. Mama akaniita chakula kimeiva, nikasema mzee angekuwa ameipata angeniitikia, basi nitamwona kazini." Akaitazama tena karatasi. "Lori siku hiyo lilikuwa bado lipo?"

Mwanne aliwahi kuwaambia watu mambo mengi mabaya kwenye vyumba kama kile, na mara nyingi alijua njia ya kuyazungusha. Safari hii hakuiona.

"Lilikuwa bado lipo," alisema.

Hana aliikunja karatasi mara mbili, vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia. Kisha akamfunga mtoto mgongoni na kusimama, akamwambia askari wa zamu kwamba yuko tayari kurudi ndani.